Darubini Kubwa Kuliko ya Lenah

Jumatatu, 9 Januari 1978

Sioni mbali. Basi, nimeliandika. Sijamwambia mtu mwingine, si Mama, si mwalimu, si hata yule daktari aliyekuja shuleni kutukagua meno. Kitu kikiwa mbali kuliko kutoka kitandani kwangu hadi mlangoni, kinayeyuka. Watu wa Ziwani, mtaa wetu hapa Nairobi, husema binti wa Bi Muhiba ana maringo, hasalimii walio ng'ambo ya barabara. Si maringo. Siwajui ni akina nani. Wiki iliyopita niliamkia buibui lililoanikwa kwenye kamba. Halikuitikia. Nikaenda zangu nimenuna.

Shuleni niliokolewa na ufupi. Wafupi hukaa mbele. Sasa shule imekwisha, na hakuna tena anayepanga watu kwa vimo.

Kazi ninayoitaka ni moja tu. Kiwanda cha mablanketi kule Baba Dogo kinatafuta karani wa stoo. Meneja wao anapenda mchezo wa shabaha kuliko anavyopenda mablanketi, na huyo karani atapiga pia katika timu yao ya wanawake, Pasaka, wakishindana na viwanda vingine. Tangazo lilisema: msichana aliyemaliza kidato cha nne, mkono mtulivu, macho mazuri. Mkono ninao.

Tulianza wengi. Wengine walishindwa na vumbi la pamba. Tumebaki mimi na Lenah Andati, ambaye kwao ni huko huko Baba Dogo, kwa hiyo hufika amepiga pasi wakati mimi nimefika nimejaa matope. Anayetufundisha ni Bwana Masinde, msimamizi wa stoo, askari wa zamani. Bunduki ni za upepo, na jioni huzifungia kabatini yeye mwenyewe. Mpaka leo tumepigia ndani ya bohari, karibu. Kwangu karatasi ya shabaha ni wingu jeupe. Lakini wingu nalo lina katikati. Nalenga katikati ya wingu. Bwana Masinde husema nina mkono wa mshona viatu, na anamaanisha sifa.

Nikiikosa kazi hii, mwisho wa mwezi napelekwa Malindi kwa Shangazi Mishi, aliyejifungua mapacha juu ya wale watoto wengine. Mama ameshanunua sanduku la bati. Amelipigisha jina langu kwa rangi nyeupe, MWANASITI, herufi kubwa ambazo hata mimi nazisoma nikiwa mlangoni. Hakuniuliza.

Jumatano, 11 Januari

Msiba. Bwana Masinde ametangaza kuwa jaribio la mwisho ni Jumamosi ya wiki ijayo, nje, kutoka kibaraza cha bohari hadi tuta la udongo chini ya ukuta wa mwisho. Umbali huo ndio wa Pasaka. Nililitazama tuta. Niliona wekundu, na juu yake ubluu. Wingu langu nililolizoea halitakuwapo kabisa.

Halafu rehema ikashuka. Kwa umbali huo darubini inaruhusiwa kufungwa juu ya bunduki. Kila mtu atafute yake, aifunge mwenyewe, bila msaada. Bwana Masinde anataka kuona nani ana akili na nani ana bahati tu.

Akaeleza sana. Bunduki ya upepo ina springi, alisema, nayo hupiga teke mbele na nyuma, tofauti na bunduki kubwa ambayo hurudi nyuma tu. Kwa hiyo tutafute darubini ndogo, iliyotengenezewa bunduki ya namna hii. "Msiniletee minara, mabinti." Niliyaandika yote. Sikukubaliana nayo.

Lenah akatoa yake papo hapo. Kumbe anayo tangu Krismasi, kaka yake alimletea. Nyembamba, fupi, kama filimbi ya mchungaji. Nilimwambia ni nzuri kweli, kwa sauti ya kumwonyesha kuwa si nzuri. Akasema, "Asante, Siti." Hakutambua kuwa ametukanwa. Nimeudhika mpaka sasa.

Ijumaa, 13 Januari

Soko la Gikomba, kwa Mjomba Idarusi, ndugu yake Mama. Yeye huuza vitu vilivyokwisha kutumika: pasi, saa za mezani, viatu vya mguu mmoja. Tangu Serikali ipige marufuku uwindaji mwaka jana, wawindaji wakubwa wa huko Karen, kwa matajiri, wanauza vyombo vyao, navyo vimeteremka ngazi kwa ngazi mpaka mezani kwa Mjomba. Ana mikanda ya risasi isiyo na risasi. Ana kofia yenye manyoya ya chui, ambayo ameificha. Na ana darubini.

Nilizijaribu zote. Nilichagua kwa haki: ndefu kuliko zote, nzito kuliko zote. Mjomba aliapa kuwa hii imewahi kumwona simba. Nikafikiri, kama imemwona simba, itashindwa na karatasi? Nikaiweka jichoni. Ukungu. Nyuma, mahali pa jicho, kuna pete ya kuzungusha. Nikaizungusha, nikaizungusha, mpaka karibu na mwisho wake.

Niliona ng'ambo ya mto unaopita nyuma ya soko. Nilimwona mwanamke anaanika nguo na nikaona vibanio vya nguo mdomoni mwake. Mti ulikuwa na majani mojamoja. Siku zote nilijua miti ina majani, lakini nilidhani yanaonekana mtu akiwa chini yake tu. Nilisimama pale hadi Mjomba akauliza kama nalia. Nikasema ni moshi.

Sikuwa na cha kumpa. Nikampa sanduku la bati. Nilijisifu sana njiani. Kwa mpango mmoja nimepata darubini na pia nimeiua safari ya Malindi, maana mtu hasafiri bila sanduku.

Jumamosi, 14 Januari

Siku ya kufunga. Lenah alimaliza upesi, maana kwake kila kitu kinaingia mahali pake. Pete za darubini yangu zilitengenezewa mgongo wa bunduki ya tembo. Juu ya hii ya upepo zinacheza kama bangili. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli, nikavisokomeza chini ya pete, nikakaza skrubu kwa kisu cha mezani nilichotoka nacho nyumbani. Bwana Masinde alikuwa na bisibisi mkononi. Alikuwa ameishika kwa namna ya kungoja aombwe. Sikuomba. Kanuni ni bila msaada.

Akapita kuitazama. Alisema jicho lisigusane na kioo, liachwe nyuma kiasi cha kiganja. Mimi kila kitu duniani nimekiona kwa kukisogeza puani, sasa kwa nini hiki nikikimbie? Nikaifunga karibu kabisa. Alisema, "Haya, mama, uso ni wako."

Ndani ya darubini kuna mistari miwili myembamba inayokatana. Mmoja lazima usimame wima, la sivyo risasi zinakwenda pembeni. Bwana Masinde alikuwa amening'iniza kamba yenye nati nzito kwenye mti wa goli la wafanyakazi hapo uani, ili tulinganishe mstari nayo. Lakini Lenah alikuwa ameikalia kamba hiyo kama yake, anatazama, anapumzika, anatazama tena. Sikutaka kusimama nyuma yake kama anayesubiri zamu ya mfereji. Nikalinganisha na nguzo ya umeme nje ya ukuta. Kamba ni ya Bwana Masinde, nguzo ni ya Serikali.

Lenah aliuliza kama nguzo ile haikugongwa na lori mwezi wa kumi na moja. Wivu.

Darubini yangu ni ndefu karibu nusu ya bunduki. Wafanyakazi wa zamu ya mchana walitoka kuja kuitazama. Mmoja aliuliza kama tunamtafuta Mungu. Niliinama tu, lakini niliinama kwa fahari.

Jumanne, 17 Januari

Leo ilikuwa siku ya kurekebisha. Mtu anapiga, anatazama risasi imeangukia wapi, anazungusha vifundo vya darubini mpaka risasi na mistari vipatane. Bila kufanya hivyo, alisema Bwana Masinde, darubini ni pambo.

Kwanza nilikuwa na mpango kuhusu Lenah. Nilimwambia, kwa upole, kwamba mafundi wa Mombasa hupaka kioo mafuta ya nazi kidogo ili king'ae. Nilikuwa nimekuja na kichupa kabisa. Lenah alifikiri. Akasema, "Wewe ndiye unayejua, Siti. Tuanze na yako nijifunze."

Bwana Masinde alikuwa amesimama hapo hapo. Ningefanya nini? Nikaipaka.

Muda wote wa kurekebisha niliutumia kupangusa. Nilipangusa kwa leso, kwa upindo wa gauni, kwa pamba ya kiwandani ambayo iliacha nyuzi. Lenah alipiga, akazungusha, akapiga. Aliponiona nahangaika alinipa kitambaa laini alichokuwa nacho mfukoni. Sijui kwa nini mtu anatembea na kitambaa cha kufutia vioo. Anajitia utaalamu. Nilikitumia, kikafaa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilipomaliza, Bwana Masinde alikuwa anafunga kabati.

Haidhuru. Darubini ya Lenah ndiyo ya kurekebishwa, kwa kuwa ni ya mchezo. Yangu ilikwisha kurekebishwa na mwindaji.

Alhamisi, 19 Januari

Nimeonewa.

Mama alikwenda Gikomba kumjulia hali ndugu yake. Kumbe Mjomba, katika sehemu zote za meza yake, aliliweka sanduku langu mbele, wima, jina likitazama njia. Watu wanapita wanasoma MWANASITI. Mtu mzima hana hata haya ya kuligeuza.

Mama alirudi nalo kichwani kutoka Gikomba hadi Ziwani, katikati ya majirani, hasemi. Alilitua sebuleni. Ndipo akasema. Alisema amelinunua sanduku moja mara mbili, na hajamsikia mwanamke mwingine aliyepatwa na hayo. Aliuliza nimelibadilisha na nini. Nikasema kifaa cha kazi. Kifaa gani? Cha kuonea. "Cha kuonea nini, mwanangu wee, na macho unayo mawili?"

Hapo ningeweza kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema kitu kuhusu tuta na ukuta.

Mama aliingia chumbani, akatoa nguo zangu zote, akazikunja ndani ya sanduku moja baada ya nyingine, hata ile sketi ya shule. Basi la pwani ni Jumanne, tarehe thelathini na moja. Shangazi ameshaambiwa. Nikirudi na barua ya kazi kabla ya hapo, nguo zitatoka. Nisiporudi nayo, ndivyo zilivyo.

Sasa navaa nguo kutoka ndani ya sanduku, kama msafiri, nyumbani kwetu.

Jumamosi, 21 Januari

Naandika kwa jicho moja.

Risasi tano kila mtu, karatasi mbili kwenye tuta, ya kushoto yangu, ya kulia ya Lenah. Lenah alitangulia. Mimi nilikaa kwenye benchi la mlangoni, nikamwona kwa mbali ameinama, ameshika uso kama kawaida yake. Alipiga bila haraka.

Kisha mimi. Niliweka jicho, na karatasi ikaja. Namba zote, hata alama ya gundi. Nilisimamisha mstari sawasawa na nguzo ya Serikali, nikashusha pumzi, nikavuta. Bunduki ikarusha teke lake mbele na nyuma, tyubu ikateleza, na darubini ikanigonga juu ya jicho. Sikulia. Nilirudi palepale. Ikanigonga tena. Kwa kila risasi darubini ilikuja karibu zaidi, kama mtu anayenong'ona siri. Ya mwisho nilipiga nikiwa nimeanza kutokwa damu nyusini, na mkono haukutikisika hata kidogo. Hilo Bwana Masinde amelisema mwenyewe.

Karatasi yangu ilirudi safi. Ungeweza kuirudisha dukani.

Karatasi ya Lenah ilikuwa na matundu kumi. Yake matano yalikuwa yamezunguka katikati, ya heshima. Mengine matano yalikuwa kwenye kona ya juu, yamekusanyana, ungeyafunika kwa kifuniko cha soda. Bwana Masinde aliyatazama kwa muda mrefu. Aliuliza, "Binti, unajua umefanya nini hapa?" Nikasema nadai matundu yangu.

Akaichukua bunduki, akachungulia kwenye darubini. "Ukungu." Akapangusa. "Ukungu mtupu." Akaniuliza mimi niliona nini. Nikamsomea namba. Alinitazama. Akamwita Lenah achungulie. Lenah akasema, "Ukungu, mzee." Halafu Lenah akanyanyua mkono, akavua miwani usoni, akachungulia tena, akacheka. "Eh! Sasa naona mpaka mchanga."

Nikauliza miwani gani.

"Hii, Siti. Ninayoivaa nikipiga, tangu tuanze."

Kila alipopanda kibarazani. Mbele yangu. Mimi nilidhani anajishika uso tu.

Bwana Masinde alitembea mpaka nusu ya njia ya kwenda tutani, akainua mkono, akauliza ameonyesha vidole vingapi. Nikasema vitatu. Alikuwa ameshika kofia.

Alirudi, akakaa kwenye benchi karibu nami, akasema polepole. Ile pete ya nyuma ni ya kurekebishia jicho la mpigaji. Niliizungusha mpaka ikanifaa, kwa hiyo haimfai mwenye macho mazima. Mwenye macho kama yangu na ya Lenah tu ndiye atakayeona. Akatoa miwani yake mwenyewe mfukoni, akaniwekea mkononi, ili nione kuwa hata yeye anayo. Jaribio hili halihesabiki, alisema. Mkono kama huu hautupwi kwa sababu ya tyubu ya baiskeli. Alhamisi niende kwenye kliniki ya macho, nipimwe, nivae miwani. Jumamosi nitapiga tena mbele ya meneja, na Lenah ataniazima darubini yake.

Lenah alisema, "Twende sawa, Siti." Hakuchokoza. Ndiyo maana sikumjibu.

Jumapili, 22 Januari

Jicho limevimba kama andazi. Mama ameweka kitambaa cha maji ya chumvi. Hakuuliza. Alisema tu kwamba Malindi hakuna bunduki.

Nimefikiri mchana kutwa na nimeona mtego ulivyo. Tangazo limesema macho mazuri. Limeandikwa, nimelisoma kwa pua yangu. Nikitokea mbele ya meneja na miwani, atauliza, macho mazuri yako wapi? Bwana Masinde yeye kazi anayo tayari, anaweza kuvaa hata mbili. Na Lenah ni mjanja kuliko nilivyodhani. Amenificha kitu kwa kukivaa hadharani. Sasa anataka kuniazima filimbi yake, ili nishinde na chake, halafu nimshukuru maisha yangu yote.

Na mimi si mgonjwa. Mgonjwa hapigi matundu matano penye kifuniko cha soda.

Nimejibanza na kioo cha Mama, nikajiwekea usoni maduara mawili ya waya wa hanga ya nguo kuona ningefananaje. Nilifanana na mtu anayekuja kukagua vyoo.

Jumatano, 25 Januari

Imekwisha. Sikujua kwamba jambo litakuwa rahisi hivi.

Kliniki nimetakiwa kesho. Nimekwenda leo. Saa ya chakula cha mchana, watu wako nje kwenye foleni, mhudumu ameondoka na birika. Nikaingia. Ubao wao wa herufi umetundikwa ukutani, zile kubwa juu, ndogo chini. Nikausogelea mpaka pua ikagusa, nikazinakili zote kiganjani kwa kalamu, mpaka mstari ule wa chini ambao wao wenyewe nadhani hawausomi. Mhudumu alirudi akaniuliza natafuta nini. Nikasema namtafuta shangazi yangu. Akatazama chumba kitupu, akanitazama na jicho langu lililovimba, akaniambia nikae. Nikatoka.

Tangu alasiri nazikariri. Naanza juu, naanza chini, naanzia katikati. Mama amenisikia kutoka jikoni akasema angalau nasoma kitu. Nazijua sasa kuliko nilivyojua chochote cha kidato cha nne. Wacha waniulize wanavyotaka.

Kwenye ukuta wa pili, mkabala, palikuwa na karatasi nyingine nyeupe, ukubwa uleule. Sikuona ina nini. Kalenda, bila shaka.

Kesho daktari ataandika kuwa macho yangu ni mazuri. Jumamosi nitasimama kibarazani bila miwani na bila filimbi ya mtu, nikiwa na darubini ya mwindaji, ambayo nitaifunga kwa tyubu ya pikipiki, maana ya baiskeli ndiyo iliyoniangusha. Meneja ataona. Jumatatu nitarudi nyumbani na barua, na Mama ataitoa ile sketi sandukuni mwenyewe.

Wewe unayesoma haya, sijui ni nani na sitakujua hata ukipita mbele yangu. Tafadhali usimwambie mtu. Hasa Lenah, maana anaweza kuja kunisaidia.